Nani Kasema? Miaka Yangu kwenye Kiti cha Mhariri

Sikuingia kwenye jarida la siasa kwa kuandika. Niliingia kwa kusoma. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa usahihishaji: kuinamia kurasa zilizokwisha kupangwa, kalamu nyekundu mkononi, nikitafuta herufi zilizodondoka, majina yaliyoandikwa kwa namna mbili katika safu moja, na mwaka uliotajwa kuwa 1967 huku juu na 1976 kule chini. Wenzangu niliomaliza nao chuo walikuwa wakifukuzana na wanasiasa kwenye mikutano, na majina yao yakisomwa na watu. Langu lilikuwa kwenye kile kisanduku cha wahusika, mstari wa mwisho, kwa herufi ambazo hata mimi nilizisoma kwa taabu.

Siku moja nikaenda kulalamika kwa mhariri mkuu. Chumba kizima tulimwita Mzee, kwa heshima na kwa woga pia. Hakunijibu lalamiko langu. Alinipa makala iliyokwisha kupita kwa mhariri msaidizi, akasema, "Mwanangu, soma hii. Herufi achana nazo. Kila sentensi iulize swali moja tu: nani kasema?"

Nilikaa nayo jioni nzima. Ilikuwa na kurasa nne. Nikairudisha na maswali 6, nikijiona nimefanya kazi ya maana. Mzee akavuta mtoto wa meza, akatoa nakala yake. Pembeni mwa kurasa zile zile palikuwa na maswali 41, kwa penseli, kwa mwandiko mdogo uliolala. "Wachambuzi wanaamini": nani, na wangapi? "Chama kimegawanyika": nani kasema, aliyeshinda uchaguzi wa ndani au aliyeshindwa? "Umati mkubwa": aliyeuhesabu alisimama wapi? Penye jina la mwanasiasa aliyeelezwa kuwa "mwenye msimamo mkali" aliandika: mkali kuliko nani?

Swali moja lilinikaa rohoni kuliko yote. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba rais alikasirika alipopelekewa ripoti. Mzee akauliza pembeni: "Aliyetuambia alikuwepo chumbani, au aliambiwa na aliyekuwepo, au anamjua rais tu?" Hapo ndipo nilipoielewa kazi. Yale ni mambo matatu tofauti, na kwenye sentensi yalikuwa yamevaa nguo moja.

Nilisahihisha kwa miaka mitatu. Baadaye nikawa mwandishi, kisha mhariri wa makala, kisha mhariri msaidizi. Mzee alipostaafu nikakalia kiti chake kwa miaka 14. Nikiulizwa nilisomea wapi uhariri, nasema kwenye zile kurasa nne.

Wengi hudhani jarida la kila wiki ni gazeti lililochelewa. Mwanzoni hata mimi nilidhani hivyo, na ilinisumbua. Waziri akijiuzulu Jumatatu, redio inatangaza saa ile ile. Jumanne magazeti yanajaza kurasa. Sisi tunaingia sokoni mwisho wa juma, wakati jambo lenyewe watu wameshalizungumza mpaka wamelichoka. Msomaji anayetoa pesa yake siku hiyo hanunui tena habari kwamba waziri kaondoka. Anataka kujua ameondoka mwenyewe au ameondolewa, nani alilijua jambo hilo mapema, nani anafaidika, na kwa nini iwe sasa na si mwaka jana.

Kwa hiyo jarida la siasa linaishi kwa "kwa nini". Na hapo ndipo penye hatari yake kubwa. Kilichotokea kina mashahidi. Kwa nini kilitokea hukaa moyoni mwa watu, na mwandishi asipoangalia hukitoa moyoni mwake mwenyewe. Nimehariri mamia ya makala ambamo mambo yote yalikuwa kweli isipokuwa maneno "kwa sababu" yaliyoyaunganisha.

Aliyenifundisha kuitafuta sababu bila kunong'onezwa na mtu ni Mmarekani ambaye sikuwahi kumwona, I. F. Stone. Alianzisha jarida lake dogo la kila wiki mwaka 1953 akiwa na wasomaji elfu tano na ushei, akaliendesha karibu peke yake na mkewe hadi mwaka 1971, lilipokuwa limefikisha takriban 70,000. Alikuwa na tatizo la masikio, hivyo mikutano ya waandishi haikumfaa sana. Akajikita kwenye nyaraka: kumbukumbu za bunge, ripoti za kamati, aya za mwisho za magazeti.

Kisa chake ninachokipenda ni cha jaribio la nyuklia la chini ya ardhi lililofanywa Nevada mwaka 1957. Baadaye tume ya atomiki ya Marekani ilitangaza kwamba mtikisiko wa jaribio lile haukunaswa mbali zaidi ya maili 200. Jambo hilo halikuwa dogo, kwa sababu waliopinga mkataba wa kusitisha majaribio walishikilia kwamba milipuko ya chini ya ardhi inaweza kufichwa. Stone alikumbuka kuwahi kusoma kihabari kifupi kilichosema vituo vya nchi za mbali viliunasa. Akaenda kwa wanaopima matetemeko ya ardhi, akawauliza tu. Wakampa orodha ya vituo, kimoja kikiwa Alaska, zaidi ya maili 2,000. Tume ikalazimika kuisahihisha taarifa yake. Hakuna mtu aliyemvujishia siri yoyote. Aliyakumbuka maneno mawili yasiyopatana na akakataa kuyaacha hivyo.

Kwa ajili ya kisa hicho nilifanya iwe kanuni kwetu: kila mwandishi mpya, kabla ya kupewa namba ya simu ya mwanasiasa yeyote, alikaa mwezi mmoja na vitabu vya bajeti, ripoti za mkaguzi wa hesabu za serikali, na kumbukumbu za mijadala ya bunge. Walinung'unika. Baadhi walidhani wanaadhibiwa. Lakini mwandishi aliyesoma ripoti ya mkaguzi akikutana na waziri huuliza swali, na ambaye hakusoma huomba maoni. Waziri anaitambua tofauti hiyo ndani ya dakika moja.

Watu wakisikia ulikuwa mhariri wa jarida la siasa, jambo la kwanza wanalotaka kujua ni kama ulitishwa. Nilitishwa. Nilipigiwa simu usiku na sauti isiyojitaja. Kampuni moja iliondoa matangazo yake yote baada ya makala yetu kuhusu zabuni, na mishahara ikachelewa miezi miwili. Niliitwa kuhojiwa mara tatu. Sitaki kulifanya dogo jambo hili, maana wapo waliolipa kwa mwili wao. Rajat Neogy, aliyeanzisha jarida la Transition mjini Kampala mwaka 1961, alikamatwa mwaka 1968 baada ya kuchapisha ukosoaji wa katiba ya Uganda, akawekwa kizuizini, na jarida lilipokuja kufufuka lilifufukia Ghana. Dele Giwa, mhariri mkuu wa Newswatch la Nigeria, aliuawa nyumbani kwake Lagos tarehe 19 Oktoba 1986 kwa kifurushi kilicholipuka alipokuwa akikifungua. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yale. Kwa miaka yote ya uhariri wangu, bahasha yoyote nene isiyo na jina la mtumaji niliifungua mwenyewe, mlango umefungwa, wengine wakiwa nje. Hawakuwahi kuniuliza sababu. Walijua.

Lakini nikizihesabu habari zetu zilizotiwa vitisho, karibu zote zilisimama. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Tulizihofia, kwa hiyo tulizilinda. Wakili alizisoma mara mbili. Kila nambari ilikuwa na karatasi yake kwenye faili. Mhusika alipelekewa maswali kwa maandishi akapewa siku za kujibu. Woga, kwa namna fulani, ulitufanyia kazi ya uhakiki.

Huwa nakumbuka yaliyoipata Der Spiegel ya Ujerumani Magharibi mwaka 1962. Iliandika juu ya udhaifu wa ulinzi wa nchi ile. Usiku wa tarehe 26 Oktoba polisi wakazivamia ofisi zake Hamburg, wakazikalia kwa wiki kadhaa, na mwenye jarida, Rudolf Augstein, akakaa mahabusu siku 103 kwa tuhuma za uhaini. Watu wakaingia barabarani kuitetea. Waziri wa ulinzi, Franz Josef Strauß, akapoteza wadhifa wake, na mashtaka ya uhaini hayakufika popote. Kinachosahauliwa katika simulizi hiyo ni kwamba kabla ya kuchapa, waandishi wale walikuwa wamepeleka maswali na vipande vya rasimu kwa watu wanaojua mambo ya ulinzi. Walipovamiwa, ndani ya makala hapakuwa na sentensi ya kuwaaibisha.

Habari iliyotuangusha sisi haikuja na vitisho. Ilikuja ikitabasamu.

Kulikuwa na waziri mmoja ambaye niliamini kabisa hafai kushika madaraka. Niliamini hivyo kwa miaka. Mwandishi wetu hodari kuliko wote akaniletea waraka wa kurasa mbili, wenye nembo ya wizara, sahihi na mhuri, ukielekeza vibali fulani wapewe watu wa karibu na waziri huyo. Mtoa habari alikuwa ametusaidia mara mbili huko nyuma na mara zote mbili alisema kweli. Nilipoushika ule waraka nilihisi furaha, na leo furaha hiyo ndiyo inayoniuma kuliko kosa lenyewe. Kila nilichokuwa nikikisema juu ya mtu yule kilikuwa kimeandikwa pale, kwa mkono wake. Wahenga walisema kipenda roho hula nyama mbichi. Nilikula.

Tulikuwa na saa nne kabla ya kurasa kwenda mtamboni. Msahihishaji wetu alikuwa binti aliyekuwa na miezi saba kazini. Ukurasa ulipofika kwangu kwa mara ya mwisho, kando ya picha ya ule waraka alikuwa ameandika kwa penseli: "Wizara ilikuwa na jina hili mwezi huo?"

Niliandika chini yake: "Ndiyo. Iende."

Sikuwa nimeangalia. Sikufungua faili lolote, sikumuuliza mtu. Nilijibu kwa uhakika wa mtu ambaye tayari anajua mwisho wa hadithi.

Toleo lile liliisha sokoni siku ya kwanza. Tukachapa tena. Kwa siku tatu simu hazikunyamaza, na wengi waliopiga walikuwa wakitupongeza. Siku ya nne ikaja barua ya wakili, ya aya moja. Wizara ile ilikuwa imeunganishwa na nyingine katika mabadiliko ya baraza la mawaziri, na jina lililokuwa juu ya waraka lilianza kutumika wiki 11 baada ya tarehe iliyokuwa juu ya waraka huo huo. Aliyeughushi alitumia karatasi ambayo siku ile ilikuwa haijachapwa.

Kabla sijamaliza kuisoma nilijua. Nilishuka chumba cha kumbukumbu, nikaitafuta ile karatasi ya usahihishaji. Swali lake lilikuwa pale. Na mwandiko wangu chini yake. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo.

Bodi ilitaka tuombe radhi ukurasa wa 38, chini, kwenye kisanduku. Nilikataa, na huo ndio ugomvi mmoja na bodi ambao sijawahi kuujutia. Tuliomba radhi pale pale tulipokosea, ukurasa wa kwanza wa ndani, kwa herufi za ukubwa ule ule, tukieleza hatua kwa hatua tulivyoupata waraka na ni swali gani lililoulizwa likapuuzwa. Tulimlipa waziri. Niliandika barua ya kujiuzulu. Bodi ikairudisha na kunitaka nibaki nirekebishe nilichokiharibu. Mwandishi alibaki pia, lakini hakuwahi kurudia ule ujasiri wake, na hilo nalihesabu kama sehemu ya deni langu.

Hasara kubwa lakini haikuwa pesa. Maswali halali juu ya vibali vile yalikuwepo kabla ya waraka, na baada yake hakuna aliyethubutu kuyauliza. Kila mwandishi wa chombo chochote alipoyagusa, alionyeshwa radhi yetu. Waraka wa uongo ulimjengea mhusika ukuta ambao yeye mwenyewe asingeweza kuujenga. Nililijua hilo polepole, mwaka baada ya mwaka, na kila nilipolikumbuka niliona vibaya kwa ajili ya watu ambao walikuwa na haki ya kujibiwa.

Siku radhi ilipotoka nilisimama katikati ya chumba cha habari nikamwomba yule msahihishaji msamaha mbele ya wote. Akaniambia, "Mhariri, nilipaswa kuja kugonga mlango wako." Nikamwambia hapana. Swali likishaandikwa, mwenye deni ni anayepaswa kujibu. Lakini neno lake lilinifikirisha: katika chumba changu, mtu mwenye swali sahihi aliona ni lazima apate ujasiri wa kugonga mlango.

Baada ya hapo nilisoma kila nilichoweza kupata juu ya majarida yaliyowahi kudanganywa na watu wa ndani. The New Republic ya Marekani, jarida lililoheshimika tangu mwaka 1914, lilimwachisha kazi kijana aitwaye Stephen Glass mwaka 1998. Ilikuja kubainika kwamba makala 27 kati ya 41 alizoliandikia zilikuwa na mambo ya kubuni. Glass aliwahi kuwa mhakiki wa taarifa, kwa hiyo alijua wahakiki wanatazama nini. Aliwatengenezea hata maandishi ya mahojiano ambayo hayakufanyika. Mhariri wake, Charles Lane, alipoanza kumshuku alimchukua wakaenda pamoja hadi jengo ambalo Glass alisema mkutano ulifanyika. Jengo lilikuwepo. Mkutano haukuwepo.

Miaka 20 baadaye, mwishoni mwa 2018, ikawa zamu ya Der Spiegel, lile lile la Augstein, lenye idara ya uhakiki yenye makumi ya watu. Claas Relotius, mwandishi aliyevuna tuzo nyingi, alikuwa akibuni watu na maneno yao. Aliyemgundua hakuwa idara ile. Alikuwa mwandishi mwenzake, Juan Moreno, aliyeandika naye makala moja juu ya mpaka wa Marekani na Mexico. Moreno alitilia shaka, akalisema kwa wakubwa, hawakumwamini mwanzoni, akaenda mwenyewe kuwatafuta watu waliotajwa. Wakamwambia hawajawahi kuonana na Relotius.

Nilivisoma visa hivyo vyote nikitafuta uzembe wa wahakiki. Nilichokikuta ni mapenzi. Makala zile zilikuwa tamu. Ziliwapa wahariri dunia kama walivyokuwa wakiijua, yenye watu wabaya wanaosema maneno mabaya kwa ufasaha. Hakuna anayekagua sana zawadi aliyoitamani.

Kwa hiyo nilibadilisha jambo moja, ambalo liligeuza utaratibu wetu wote. Kila makala kubwa ilipewa mpinzani. Nilimteua mtu katika chumba cha habari ambaye makala ile haikumpendeza, kwa msimamo wake wa siasa au kwa kutompenda mwandishi, sikujali, nikampa siku mbili aiangushe. Kama hakuna aliyekuwa haipendi, hiyo kwangu ilikuwa dalili ya hatari, na makala ilisubiri wiki. Msahihishaji alipewa mamlaka ya kusimamisha ukurasa. Si kupendekeza, kusimamisha. Na mimi nilizuiwa, kwa kanuni niliyoiandika mwenyewe, kuidhinisha peke yangu habari yoyote juu ya mwanasiasa ambaye nilikwisha kumwandikia tahariri ya kumpinga au kumuunga mkono.

Waandishi waliuchukia utaratibu huu kwa mwaka mzima. Mmoja aliniambia nimegeuza jarida kuwa mahakama. Wawili waliondoka. Lakini ilitokea kitu ambacho sikukitarajia: waandishi wakaanza kuja na majibu kabla ya maswali. Mtu anaweka makala mezani na bahasha ya nyaraka juu yake, anasema, "Wataniuliza hili, na hili, na hili." Mzee angefurahi kuliona hilo. Nilimpigia simu kumweleza. Akasikiliza, akauliza kama ukurasa wa usahihishaji bado tunautunza miaka mitano. Nikamwambia tunautunza kumi.

Kuna sehemu ya kazi hii ambayo sikuwahi kuizoea, nayo ni kuizima makala ya mtu. Mwandishi wetu wa safu alikuwa rafiki yangu tangu ujanani. Tulianza pamoja, tukafundishwa na mtu mmoja. Alipozeeka kazini akaanza kuandika aliyokwisha kuyaandika, kwa hasira zaidi na ushahidi pungufu. Nilimrudishia safu tatu mfululizo. Ya tatu alikuja ofisini, akakaa, hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Hivi wewe huamini tena ninachoamini?" Nikamjibu kwamba nakiamini, na ndiyo maana sitaki kitetewe vibaya. Hakurudi. Tunasalimiana misibani. Sijui namna nyingine ambayo ningeweza kufanya, na bado si jambo ninaloweza kulisimulia kwa sauti iliyotulia.

Na kuna ukaribu na wanasiasa. Wanaoanza kazi hudhani hatari ni rushwa. Bahasha ya pesa inaonekana, unaikataa, unakwenda zako. Kigumu ni mwanasiasa mwenye akili, msomaji mzuri wa jarida lako, anayekualika mzungumze kwa faragha na kukuambia mambo ya ndani "ili uelewe tu, si ya kuchapa". Unatoka pale ukijiona umejua zaidi ya wasomaji wako. Wiki ijayo anasema jambo hadharani kinyume na aliyokuambia, nawe mdomo umefungwa kwa ahadi. Nilikubali mazungumzo ya namna hiyo kwa miaka minne ya mwanzo. Nikaacha, isipokuwa pale usalama wa mtu ulipohusika. Nilipoteza habari kadhaa. Nilipata usingizi.

Mambo ya intaneti nitayapita haraka, kwa kuwa yameandikwa sana. Yalipokuja tukaweza kuona, dakika kwa dakika, makala ipi inasomwa na ipi imeachwa. Nilichokiona kwenye namba zile hakikunishangaza hata kidogo: iliyosomwa zaidi ilikuwa ile iliyomwambia msomaji kwamba alikuwa sahihi muda wote. Furaha yangu ya siku ile ya waraka sasa ilikuwa na mita ya kuipima. Nilikataza namba hizo zisionekane kwenye chumba cha habari. Mhariri aliyenifuata amezirudisha, na ana sababu zake, maana mishahara inalipwa na wasomaji.

Mhariri huyo ni yule msahihishaji wa penseli. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine, na bodi iliponiuliza nani anafaa kukalia kiti, sikuhitaji kufikiri.

Tangu niondoke huwa naandika makala moja moja. Mwezi uliopita nilimpelekea moja juu ya namna kamati za bunge zinavyopoteza meno yake baada ya kila uchaguzi, jambo nililolifuatilia karibu maisha yangu yote ya kazi na ambalo nina hakika nalo. Imerudi na maswali 31. Ukurasa wa pili, kwenye aya niliyoipenda kuliko zote, ameandika: "Nani kasema? Na alikuwepo?"

Nimejibu 28. Mawili yanahitaji kumbukumbu za vikao ambazo ninazo kwenye makasha, sijazifikia tu. La mwisho ni hilo la aya ninayoipenda. Mtu aliyeniambia maneno yale amefariki, na kwenye daftari langu la mwaka ule jina lake limeandikwa bila tarehe. Nimemwandikia mhariri kwamba aya hiyo aitoe.